Gesi Haiishi, Inavuja

*Tukuyu hakuna joto la kumlazimisha mtu anunue kiyoyozi. Hata hivyo kemikali zinazomong'onyoa tabaka la ozoni zimo ndani ya majengo ya kampuni zake, na muda wa kuziondoa unayoyoma.*

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

MAZIWA ya jioni hayamsubiri fundi. Yanatoka kwa ng'ombe yakiwa na nyuzi 37 hivi, yanafungwa kwenye keni, yanapakiwa nyuma ya bodaboda na kuteremshwa kutoka Isongole au kupandishwa kutoka Masoko. Yakifika kituoni yanatakiwa yapozwe hadi nyuzi 4 kabla vijidudu havijaanza kuyachachua. Tanki likikataa kupoza, hasara inahesabiwa kwa saa.

Ndipo simu inapopigwa: "Fundi, gesi imeisha tena."

Fundi anafika na begi la spana, geji zenye mipira ya rangi na mtungi wa kijani hafifu. Anafunga mipira, anafungua koki, mshale wa geji unapanda, kompresa inabadili mlio. Muda si mrefu bomba linatoka jasho. Maziwa yameokoka, fundi kalipwa, kila mtu kashukuru. Baada ya miezi michache simu inapigwa tena, kwa maneno yale yale.

Anayeendesha kituo cha maziwa, bucha au chumba baridi cha parachichi katika Wilaya ya Rungwe anaijua hadithi hii. Asichoambiwa ni kwamba friji haili gesi kama gari linavyokula dizeli. Gesi iliyowekwa kiwandani huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka mvuke upande mmoja na kugandamizwa kuwa majimaji upande wa pili. Mashine ikiwa nzima, kiasi kile kile kinaweza kudumu hadi siku inapotupwa.

Ikipungua, imevuja. Fundi aliyeongeza bila kutafuta tundu hajatengeneza kitu. Ameipelekea hewa ya Tukuyu kilo nyingine za gesi, kwa pesa ya mteja.

Na mtungi ule wa kijani, kwa mashine za zamani, ni wa R-22. Hiyo ni kemikali ya jamii ya HCFC, ambayo dunia ilikubaliana zamani kwamba iondoke.

Mji wa baridi, mashine za baridi

Ukizungumzia ozoni Dar es Salaam, mazungumzo yataishia kwenye viyoyozi. Tukuyu ni habari nyingine. Mji umekaa kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na karani wa ofisini hufunga dirisha kwa sababu ya ukungu. Sweta huvaliwa mchana.

Kwa hiyo huku gesi za ubaridi zimefuata chakula. Ndizi na viazi husafiri bila friji, lakini maziwa hayawezi. Parachichi aina ya Hass linalokwenda Ulaya kwa meli linahitaji kuwekwa kwenye nyuzi 5 au 6 mapema baada ya kuchumwa, la sivyo litaiva baharini. Nyama, chanjo za hospitali na soda za dukani nazo zina mashine zake.

Hata kiwanda cha chai, ambacho kazi yake ni moto na hewa kavu, hakijaepuka. Kikague jengo kwa jengo utakuta friji ya kantini, friji ya zahanati ya wafanyakazi, kiyoyozi kimoja kilichofungwa kwa ajili ya chumba cha kompyuta, na magari ya menejimenti. Pengine, stoo, kimelala kizima moto cha zamani chenye haloni, kemikali ambayo kwa uzito ule ule huharibu ozoni mara 3 hadi 10 kuliko CFC-11, ile inayotumika kama kipimo.

Halafu kuna vitu ambavyo hakuna anayevitilia shaka. Kuta za chumba baridi ni mabati mawili yenye povu gumu katikati. Kwa miaka mingi povu hilo liliumuliwa kwa kemikali iitwayo HCFC-141b, na ukuta wa zamani ukivunjwa kwa nyundo, iliyobaki ndani hutoka.

Tazama pia chaga za mbao zinazobeba katoni za parachichi. Chaga ya kusafirisha nje hupigwa mhuri wa kimataifa. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto ili kuua wadudu. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromaidi, sumu ambayo nayo inaharibu ozoni. Matumizi yake shambani yalipaswa kukoma katika nchi zinazoendelea mwaka 2015, lakini ufukizaji wa karantini uliachwa nje ya marufuku. Meneja anayetaka kuanza mahali rahisi angeanza hapo: aagize chaga zenye HT tu. Hahitaji fundi wala kibali.

> Kuta, chaga za mbao, kizima moto cha stoo: gesi hizi hazikai kwenye friji peke yake.

Kutoka Montreal hadi Kigali

Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland waliandika kwamba gesi za CFC, zilizosifiwa tangu miaka ya 1930 kwa kuwa haziwaki wala hazina sumu, hazivunjiki zikiwa karibu na ardhi. Hupanda taratibu hadi anga la juu, ambako miale ya jua huzipasua na kuachia klorini. Chembe moja ya klorini inaweza kuharibu molekuli zipatazo 100,000 za ozoni kabla haijatulia. Wenye viwanda walipinga.

Mei 1985 Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya kuchipua. Mwaka huo huo ukapatikana Mkataba wa Vienna, na tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal. Tanzania ilijiunga na vyote viwili mwaka 1993. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilikuja mwaka 2004, na kanuni mahususi za kudhibiti kemikali hizi zikafuata mwaka 2007, zikiwa na utaratibu wa vibali vya kuziingiza nchini. Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo inayoratibu.

CFC zenyewe, kwa nchi zinazoendelea, zilifungiwa mlango mwaka 2010. R-22 ilipewa muda zaidi kwa sababu madhara yake kwa ozoni ni kama asilimia 5.5 tu ya yale ya CFC-11. Ilibaki sokoni kama afueni. Ratiba yake ilikuwa hivi: kusimamishwa kwenye kiwango cha juu mwaka 2013, kupunguzwa kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 uingizaji unakoma, isipokuwa kiasi kidogo sana cha kuhudumia mashine zilizobaki hadi 2040.

Yaani theluthi mbili ya safari imekwisha, na miaka iliyobaki ni michache.

Nafasi ya CFC na R-22 ilichukuliwa na jamii ya HFC: R-134a, R-404A, R-410A. Hizo haziigusi ozoni. Zina kosa jingine: zinapasha dunia joto kwa kiwango kikubwa mno. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, jirani zetu hapa, yakaongeza kwenye Itifaki kipengele cha kuzipunguza na hizo.

Tundu haliko juu ya Rungwe

Hapa inafaa kuondoa hofu isiyo na msingi. Tundu la ozoni liko Antaktika, halijawahi kuwa juu ya Tukuyu. Katika ukanda wa tropiki ozoni haikupungua sana. Jua letu ni kali kwa sababu tuko karibu na ikweta, na katika milima miale ya urujuanimno, ile ambayo ozoni huichuja, huongezeka kadiri unavyopanda. Ukungu wa Rungwe humdanganya mtu. Miale hiyo hupenya mawingu mepesi, jambo ambalo wenye ualbino wanalijua kwa ngozi zao.

Wala mvua kuchelewa si kazi ya ozoni. Mambo haya huchanganywa kwenye semina hadi msikilizaji anatoka akiamini kwamba dawa ya mbu ya kupuliza ndiyo iliyokausha shamba lake la chai.

Kinachounganisha ozoni na joto la dunia ni gesi zenyewe. Kilo moja ya R-22 ikivuja hupasha dunia joto sawa na kilo 1,810 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Tanki la maziwa likivujisha kilo 3, ni sawa na tani 5.4, kiasi kinachotoka ukichoma lita 2,000 hivi za dizeli. Hakuna meneja wa Tukuyu ambaye angetulia akiambiwa kwamba lita 2,000 za dizeli zimemwagika nyuma ya stoo. Kilo za gesi hazionekani, hazinuki, na kwenye vitabu zimeandikwa "matengenezo".

Habari njema ipo. Tathmini ya wanasayansi iliyotolewa kwa ajili ya Umoja wa Mataifa inaonyesha kwamba, mambo yakiendelea hivi, sehemu kubwa ya tabaka la ozoni itarudi katika hali ya mwaka 1980 kufikia 2040 hivi, na juu ya Antaktika karibu 2066. Mikataba mingi ya mazingira haina la kuonyesha kama hilo.

Mhasibu ana hoja

Anayedai kampuni ya Rungwe ing'oe mashine zote za R-22 kesho asubuhi hajawahi kulipa mshahara. Ukikaa na mhasibu, hoja zake zina uzito. Tanki linafanya kazi. Wafugaji wanataka malipo yao mwisho wa mwezi. Mashine mpya inaagizwa Dar es Salaam au nje, na umeme unaopanda na kushuka unaweza kuua kompresa mpya kama ulivyoua ya zamani. Mfuko wa kimataifa wa Itifaki ya Montreal husaidia nchi kufundisha mafundi na kupata zana, lakini hauji Tukuyu kumnunulia mtu chumba baridi.

Afisa mazingira naye ana hoja yake, nayo imejengwa juu ya kalenda. Gesi inayopunguzwa kwa asilimia 67.5 haiwezi kubaki rahisi. Inapoadimika, mitungi ya magendo na ya kughushi hufuata. Barabara inayopita Tukuyu inakwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, na lebo ya mtungi si ushahidi wa kilichomo ndani; ndiyo sababu mafunzo ya maofisa forodha chini ya Itifaki huhusisha vifaa vya kupima gesi yenyewe.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, pande zote mbili zinabishana juu ya tarehe ya kununua mashine mpya wakati kinachovuja kinavuja leo. Tanki la R-22 lisilovuja halina haraka. Linaweza kumaliza umri wake bila kumdhuru mtu. Tanki linalojazwa kila baada ya miezi michache ndilo tatizo, na dawa yake ya kwanza haihitaji kibali cha bodi.

Dawa hiyo inaitwa daftari. Kila mashine ipewe namba, aina ya gesi, kilo zake za kiwandani, na kila kilo inayoongezwa iandikwe pamoja na tarehe. Kampuni ikifanya hivyo mwaka mmoja, itashangaa kuona kwamba karibu gesi yote imeishia kwenye mashine mbili tatu. Hizo ndizo za kuziba kwanza au kuzitoa.

Malipo ya fundi

Mafundi hubebeshwa lawama ambayo si yao peke yao. Kutafuta tundu ni kazi. Unanyonya gesi iliyobaki, unajaza naitrojeni kwa shinikizo, unapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, unachomelea, unavuta hewa na unyevu kwa pampu, ndipo unapima gesi kwa mizani. Mteja anayesema "weka tu tuendelee" hulipia nusu saa. Halipii kazi ya siku nzima, na fundi akiisisitiza ataitwa tapeli anayekuza bili.

Kuna na afya yake mwenyewe. Anayechomelea bomba ambalo bado lina R-22 anavuta moshi wenye asidi na chembe za fosijeni, sumu iliyotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wamejifunza kazi chini ya fundi mwingine, si darasani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufundisha fani hii, na kampuni kubwa ya wilaya inayotoa zabuni ina uwezo wa kudai cheti, mizani na pampu kabla ya kumfungulia mtu geti. Ikidai, vijana watakwenda kusoma.

> Mteja anayesema "weka tu tuendelee" ndiye anayefundisha mafundi kazi mbaya.

Kwenye suala la gesi mbadala, mafundi wana haki ya kuogopa. Propani, iitwayo R-290 ikitumika kwenye ubaridi, haiharibu ozoni na joto lake kwa dunia ni dogo mno. Shinikizo lake linakaribiana na la R-22, na hapo ndipo kishawishi kilipo: mtu anachukua mtungi wa gesi ya kupikia na kuujazia kwenye mashine ya R-22. Inapoza, kweli. Lakini gesi ya jikoni ni mchanganyiko wenye butani, unyevu na kemikali ya harufu, na mashine ile haikuundwa kwa kitu kinachowaka. Cheche moja ya swichi ndani ya chumba kilichofungwa inatosha.

R-290 ya kweli hukaa kwenye friji iliyotengenezwa kwa ajili yake, kwa vipimo vidogo. Viwango vya kimataifa vya friji za biashara viliruhusu gramu 150 kwa miaka mingi, na mwaka 2019 vikapandishwa hadi karibu 500. Kwa friji ya kantini inatosha kabisa. Kwa chumba kikubwa cha parachichi kuna amonia, ambayo ni kongwe kuliko CFC zote, na hewa ya ukaa yenyewe. Zote mbili zinataka fundi aliyesoma na mlango wa dharura unaofunguka.

Tukuyu ina faida moja ambayo Dar es Salaam haina: baridi ya bure. Maziwa yakipitishwa kwenye mabamba yanayopozwa na maji ya kijito kabla hayajaingia tankini, kompresa inabaki na kazi kidogo. Ukubwa wa mashine unapungua, na kilo za gesi pia.

Iliyonyonywa iende wapi?

Tuseme kampuni imefanya vyema: fundi kanyonya kilo 20 za R-22 kwenye mtungi badala ya kuziachia hewani. Sasa mtungi umekaa stoo. Mwaka ujao utakuwepo. Siku moja mlinzi ataufungua koki ili auze chuma.

Gesi safi inaweza kuchujwa na kutumika tena kwenye mashine za R-22 zilizobaki, na hilo ndilo la busara zaidi kwa sasa, maana kila kilo iliyorudishwa ni kilo ambayo haikuagizwa. Iliyochanganyika haifai. Lazima iharibiwe kwa joto kali, na miongoni mwa njia zilizoidhinishwa chini ya Itifaki ya Montreal ni tanuri za saruji, zenye moto unaopita nyuzi 1,400.

Mkoa wa Mbeya una kiwanda cha saruji, kule Songwe. Kuchoma gesi hizi kunahitaji vipimo, vibali na uangalizi wa mamlaka ya taifa ya mazingira, na mtungi mmoja wa Tukuyu haulipi gharama hiyo. Mitungi ya mkoa mzima, pamoja na ya Iringa na Njombe, huenda ikalipa. Hilo ni swali la kuulizwa kwenye kikao cha mkoa, likiwa na hesabu za kilo mezani, na hesabu hizo zitatoka kwenye madaftari ya kampuni au hazitatoka popote.

Mashine ya 2026, bili ya 2045

Kosa kubwa zaidi linaweza kufanywa na kampuni yenye nia njema. Inaamua kuondoa R-22, inapata mkopo, inafunga chumba kipya cha parachichi, na muuzaji anailetea mashine ya R-404A yenye kibandiko kinachosema haina madhara kwa ozoni. Kibandiko hakidanganyi. Kilo moja ya R-404A hupasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za hewa ya ukaa, zaidi ya mara mbili ya R-22 inayoondolewa.

Chumba baridi huishi miaka 15 hadi 20. Kilichofungwa mwaka 2026 kitakuwa kikifanya kazi hadi 2041, pengine 2046. Ratiba ya Kigali kwa kundi la nchi ambamo Tanzania imo ilisimamisha HFC kwenye kiwango cha juu mwaka 2024. Itazipunguza kwa asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, asilimia 50 mwaka 2040 na asilimia 80 mwaka 2045. Ulaya ilipobana mgao wake, bei ya R-404A ilipanda mara kadhaa kati ya 2017 na 2018, na wenye mashine hawakuwa na pa kukimbilia.

Mkopo wa chumba hicho utakuwa umelipwa siku nyingi. Mhasibu wa 2045 atakuwa anatafuta kilo 3 za R-404A kama mwenzake wa leo anavyotafuta R-22, na fundi atakayempigia simu atamwambia bei kabla ya salamu.